Milima na Rangi Zake: Mafundisho ya Mawe kwa Vijana

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuitia milima iliyo imara. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Katika Sura ya Fatir, aya ya 27, Mwenyiezi Mungu ametaja mvua inayoteremka na matunda ya rangi mbali mbali, kisha akataja milima, kwamba imo ndani yake mistari myeupe na myekundu yenye rangi zilizokhitalifiana, na mingine myeusi mno. Aya ya 28 ikawataja watu na wanyama na rangi zao, na papo hapo, pasipo kuyakata maneno, ikaja ile khabari mashuhuri ambayo kila khatibu wa pwani ameihifadhi: kwamba wamchao Mungu kwa haki katika waja wake ni wenye ilimu. Mwisho huo husomwa mimbarini mara kwa mara. Mwanzo wake huachwa. Watu huwasifu wenye ilimu, wasiulize ni vitu gani vilivyotajwa mahali pale. Na vilivyotajwa mahali pale ni mvua, na matunda, na wanyama, na mawe.

Wako wazee ambao mtoto akileta jiwe nyumbani na kuuliza limetokana na nini, humwambia alitupe akasome. Wengine husema kuwa ilimu ya mawe ni ilimu ya Wazungu, haina faida kwa Muislamu. Jambo hili lingekuwa jepesi lau mtoto huyo angekaa kwao maisha yake yote. Lakini kijana wa Tanga, au wa Pangani, au wa Mombasa, akifika umri wa kutafuta, mara nyingi hupanda bara, na njia ya Arusha yajulikana sana kwa ajili ya biashara, khasa biashara ya vito. Huko jiwe litakuwa mkononi mwake kwa bei, na shingoni mwake kwa hirizi, na tumboni mwake kwa maji. Na baba yake hakumfundisha lolote.

Wanavyuoni wa zamani hawakuwa na dharau hii. Katika vitabu vya fikihi, mlango wa tayamamu umejaa majina ya mawe na udongo. Imamu Shafi ameshurutiza udongo wenye vumbi. Imamu Abu Hanifa amejuzisha kila kilicho cha jinsi ya ardhi, hata jiwe na chokaa na mchanga. Na mtu asiyejua jiwe ni nini na udongo ni nini hawezi kuifahamu khitilafu hiyo. Abu Rayhan al-Biruni, aliyekufa katikati ya karne ya 11 ya Miladi, aliandika kitabu kizima juu ya vito, na alivipima uzito wake kwa maji, kimoja baada ya kimoja, ili kijulikane cha kweli na cha uwongo. Ibn Sina naye, katika kitabu chake cha Shifaa, ameeleza jinsi udongo unavyogeuka kuwa jiwe na jinsi maji yanavyoichonga milima. Hao ni Waislamu, na walikwisha kufa miaka zaidi ya 400 kabla ya Mreno wa kwanza kuiona Mombasa.

Mafundisho ya mtoto wa pwani yafaa yaanze na jiwe analolijua. Kuta za msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ni ya mwaka 500 wa Hijra, na kuta za msikiti mkuu wa Kilwa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mtoto na alitazame jiwe hilo kwa karibu. Ataona vitundu vilivyopangika, na pengine ganda la chaza limeshikwa ndani yake. Matumbawe ni nyumba za vidudu vya baharini vilivyo vidogo mno, vilivyojenga na kufa, vizazi juu ya vizazi, hata nyumba zao zikashikana kuwa mwamba. Kisha bahari ikashuka, mwamba ukabaki nchi kavu, na wazee wakaja kuuchimba. Akilikwaruza jiwe hilo na kuutilia unga wake siki, utatoka povu. Hiyo ni alama ya chokaa, na ndiyo sababu jiwe hilo likichomwa juu ya magogo hupatikana chokaa ya kujengea. Mawe yaliyofanyika hivi, kwa vitu kujazana chini ya maji tabaka juu ya tabaka, huitwa mawe ya mashapo. Na mchanga ulioshikana, na matope yaliyokandamizwa miaka mingi hata yakawa magumu, ni wa jinsi hiyo hiyo.

Akitoka Tanga kwenda bara hapiti saa nyingi ila jiwe limekwisha kubadilika. Milima ya Usambara na ya Upare haina matumbawe. Mawe yake yana mistari, mweupe kando ya mweusi, kama kikoi kilichofumwa, na yakipigwa na jua humetameta vipande vyembamba vya ulanga. Haya huitwa mawe yaliyogeuzwa. Yalikuwa mawe ya namna nyingine, yakazama chini sana katika tumbo la ardhi, yakabanwa na kupikwa pasipo kuyeyuka, hata yakawa kitu kingine. Wajuzi wa mawe hukadiria kuwa mambo hayo yalipita miaka milioni 500 na zaidi. Na Qurani haikuweka hesabu ya umri wa ardhi, basi hapana sababu ya Muislamu kugombana nao kwa hilo. Asomaye aya ile ya Fatir naye yumo garini karibu na Same, na atazame nje ya dirisha.

Hapa yafaa kijana afahamishwe tofauti ya mwamba na madini, kwa kuwa watu wengi huyachanganya. Mwamba ni kama pilau: umo mchele, imo nyama, imo bizari, na kila kimoja huonekana mbali na chenzake. Madini ni kama mchele peke yake. Chumvi ni madini, na ulanga ni madini, na dhahabu ni madini. Kila moja lina umbo lake na uzito wake na ugumu wake, na halibadili tabia zake likipatikana Tanga au likipatikana China. Kwa tabia hizo ndipo hujulikana, wala si kwa maneno ya anayeliuza.

Mwamba huo wa zamani uliogeuzwa ndio unaofika hata Mererani, katika Simanjiro, kusini mashariki ya Arusha. Na humo tu, kwa kadiri inavyojulikana katika dunia nzima, hupatikana tanzanaiti. Kito hiki kilijulikana mwaka 1967, na mwaka 2018 Serikali ya Tanzania ilimtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi wake. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1968 na maduka ya Tiffany ya New York, wauzaji wa vito, kwa kuinasibisha johari hiyo na nchi yake. Ni madini ya jinsi iitwayo zoisaiti, nayo ikitoka shimoni mara nyingi ina rangi ya udongo, haipendezi. Ikitiwa katika joto la vipimo 500 na kuzidi, rangi ile huondoka, ikadhihiri ya samawati na ya zambarau. Rangi hiyo yatokana na chembe chache za madini mengine, yaitwayo vanadi, zilizokuwamo tangu zamani. Moto haukuzitia, umezidhihirisha tu. Mtume (S.A.W.) amewafananisha watu na madini, kama ya dhahabu na ya fedha, kwamba walio bora wao kabla ya Uislamu ndio bora wao ndani yake wakiifahamu dini, na mwalimu aliyeliona jiwe la Mererani kabla ya moto na baada yake hatapata shida ya kuwaeleza watoto hadithi hiyo.

Lakini kinachowavuta vijana si hadithi. Mwezi wa Juni mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, alitoa mawe mawili makubwa, moja lapita kilo 9, na Serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.7. Khabari hiyo ilifika kila baraza ya pwani. Khabari ya mwaka 1998, mvua zilipoyajaza mashimo na watu kwa makumi wakafa humo, na ya mwaka 2008 msiba ulipokuja tena, hizo hazizungumzwi barazani.

Kijana anayeingia katika kazi hii, la kwanza atakalokutana nalo pengine si jiwe bali ni mganga. Ataambiwa kuwa shimo lina wenyewe, kwamba johari haitoki mpaka achinjiwe fulani, au mpaka avae kijiwe shingoni, au azike kitu mlangoni mwa shimo. Wala watu wa pwani wasiwacheke wachimbaji, kwani wangapi wamevaa pete ya akiki kwa kuitaraji riziki! Kuvaa pete ya fedha yenye kito ni jambo lililothubutu kwa Mtume (S.A.W.), kuitegemea ndiko kulikoharamu. Na dawa ya maradhi haya imo katika khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyoipokea Bukhari. Alilijia Jiwe Jeusi la Kaaba, akasema kuwa alijua hakika ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau si kumwona Mtume akilibusu yeye asingelibusu. Likiwa hilo ndilo neno lake mbele ya jiwe lililo tukufu kuliko yote ya duniani, basi kijiwe cha mganga kina cheo gani?

La pili atakalokutana nalo ni dalali. Katika mji wa Arusha hupatikana tanzanaiti ya kweli, na hupatikana kioo kilichotiwa rangi, na jiwe lililotengenezwa viwandani, na vyote vyaweza kukunjwa katika karatasi ya namna moja. Hapo ilimu ya al-Biruni huwa ngao. Kito hupimwa uzito kikiwa katika hewa, kisha hutungikwa kwa uzi ndani ya maji kikapimwa tena, na tofauti ya vipimo viwili huonesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Tanzanaiti huwa nzito kuliko maji kadiri mara 3.35; kioo cha kawaida kadiri mara 2.5, na kwatzi, jiwe lile jeupe lililojaa kila mahali, mara 2.65. Tena kuna ugumu. Mjuzi mmoja, Friedrich Mohs, mwaka 1812 aliyapanga madini kwa daraja kumi, laini kabisa ikiwa ya 1 na almasi ikiwa ya 10: ukucha wa mtu hufika 2.5, kisu 5.5 au karibu yake, kwatzi 7. Tanzanaiti imo baina ya 6 na 7, basi kisu cha kawaida hakiikwaruzi. (Mwanafunzi na ajizoeze kwa mawe ya njiani. Kito cha mtu si mahali pa kujifunzia.) Na ipo alama nyingine nyepesi: tanzanaiti ikigeuzwa upande huu na upande huu mbele ya mwanga hubadili rangi, mara samawati, mara zambarau, na ile isiyochomwa huonesha hata wekundu wa udongo, kioo hukaa na rangi yake moja.

Ilimu hii humlinda kijana asidanganywe, nayo yamkata udhuru asidanganye. Mtume (S.A.W.) alipitia rundo la chakula sokoni, akatia mkono wake, akakuta maji chini yake, mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume hakuukubali, alimwuliza kwa nini hakuuweka ule ulioroa juu watu wauone, akasema kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Ufa ulio ndani ya kito ni kama maji yale. Auzaye naye aujua ufa, akaugeuzia upande wa kivuli, huyo ameghushi hata kama hakutamka neno la uwongo, na mnunuzi ana khiyari ya kukirejesha. Ama kuchoma tanzanaiti ili rangi idhihiri, jambo hilo lajulikana kwa wauzaji na wanunuzi wote, wala halihesabiwi kuwa ni kificho. Lakini akiulizwa, na aseme kweli. Kuuza kitakachotoka shimoni kesho, hali hakijaonekana, hiyo ni biashara ya gharari na haifai. Na katika madhehebu ya Shafi hapana zaka ya madini yenyewe ila dhahabu na fedha. Lakini aliyenunua tanzanaiti ili aiuze, hiyo ni mali ya biashara, itathaminiwa mwaka ukitimia na kutolewa fungu moja katika arubaini. Wako watu waliokaa Arusha miaka mingi wasilijue hilo.

Sasa afike Arusha mjini, na ainue macho kaskazini. Mlima Meru una urefu wa mita 4,562, na jiwe lake si mashapo wala si lile la mistari. Ni jiwe la moto: liliyeyuka chini ya ardhi, likatoka kama uji, au likarushwa kama majivu, kisha likapoa. Lililopoa haraka lina vitundu kama mkate wa mofa, kwa sababu ya pumzi zilizotoka ndani yake, na lililo jepesi zaidi ni la jinsi ya lile jiwe la kusugulia miguu, ambalo huelea majini. Likitiwa siki, kwa kawaida halitoi povu. Mtoto aliyeshika jiwe la Kizimkazi kwa mkono mmoja, na la Same kwa mkono wa pili, na hili la Meru mbele yake, amekwisha kuziona jinsi zote tatu za miamba ya dunia, wala hakuna ya nne.

Meru haukufa. Mwaka 1910 ulitoa majivu kidogo. Na zamani, kadiri ya miaka 8,000 iliyopita, ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote kwa mara moja, na kifusi chake kikaenea mbali. Maziwa ya Momela yamelala juu ya kifusi hicho. Ajabu ni kuwa mlima huu wa moto ndio unaowanywesha watu. Mvua huingia katika majivu na nyufa za mawe, ikatokea chini kuwa chemchem, na miji na mashamba yote ya kusini yaishi kwa hizo. Katika Sura ya Bakara, aya ya 74, Mwenyiezi Mungu amewakemea walioshupaa nyoyo, akataja kuwa yako mawe yanayobubujika mito, na yako yanayopasuka yakatoka maji. Aliye Arusha huiona aya hiyo kila siku mtoni Themi.

Lakini maji yapitayo katika mawe hutwaa yaliyomo. Mawe ya Meru yana madini yaitwayo floraidi. Kidogo chake hulinda meno, kingi huyaharibu. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na chemchem na visima vingi vya pande hizo vimepita kikomo hicho, khasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto. Na maji ya Momela hayanyweki kabisa. Mtoto anywaye maji hayo katika miaka ya kuota kwake meno, kadiri ya miaka minane ya mwanzo, meno yake hutoka na madoa ya rangi ya chai, na hayasafiki tena. Yakizidi sana, na miaka ikiwa mingi, hata mifupa hupotoka na miguu ikapinda. Magadi yatokayo ziwa Natron, ambayo watu hutia katika maharage na kande ili viive upesi, nayo yana floraidi.

Watu wa pwani wana dhambi katika jambo hili. Mtu wa Arusha akishuka pwani na kucheka, hutazamwa meno, akafanyiwa mzaha kuwa hajui mswaki, na hata wachumba wamerudishwa kwa sababu hiyo. Mwenye meno hayo pengine hupiga mswaki kuliko anayemcheka. Madoa hayo ni jiwe la Meru lililoingia kinywani mwake angali mdogo, na kumdhihaki ni katika yale yaliyokatazwa na Sura ya Hujurat, aya ya 11.

Huenda kijana mwerevu akauliza: Sayyidna Umar amesema jiwe halidhuru, na hili limedhuru, vipi? Na ajibiwe kuwa Umar alikusudia dhara na nafuu za siri, zinazotarajiwa na waabudu mawe. Ama sababu zilizo dhahiri, kama moto kuunguza na sumu kuua, hizo ni desturi aliyoiweka Mwenyiezi Mungu katika viumbe vyake, na mwanadamu ameamrishwa asijitupe katika maangamizo kwa mikono yake. Ajikingaye na maji yenye floraidi hakupunguza tawakuli yake.

Na kujikinga kwenyewe kwataka ilimu. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji hupungua nayo hubaki, yakazidi ukali. Mchanga wa kuchujia hauizuii. Maji ya mvua yakivunwa safi hayana shaka, na yafaa yawekewe watoto kwanza, wakubwa wafuate. Njia nyingine, ambayo wataalamu wa Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi, ni kuyapitisha maji katika makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo huishika floraidi na kuyaacha maji matamu.

Hapo Waislamu wa Arusha huuliza kama maji yaliyopita katika mifupa ni tohara. Katika madhehebu ya Shafi mfupa wa mzoga ni najisi, na kuuchoma hakuutoharishi. Kwa Abu Hanifa mfupa wa mzoga, usipokuwa wa nguruwe wala usipokuwa na mafuta juu yake, ni tohara. Mfupa wa mnyama aliyechinjwa kwa sharia ni tohara kwa wote. Basi khitilafu yote huondoka kwa jambo moja jepesi: mifupa itwaliwe katika machinjio ambayo mchinjaji wake yajulikana kuwa ni Muislamu, na katika mji wa Arusha hayo hayakosekani. Mwenye mtambo na aulizwe kabla ya kununuliwa, kama anavyoulizwa muuza nyama. Wallahu aalam.